Dawa za kuzuia uvimbe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye kaunta yetu, Mjini Unguja

Chini ya kaunta yetu kuna daftari la kurasa mia lenye doa la chai kwenye jalada. Swali likitukunisha kichwa, au likirudi mara ya tatu ndani ya wiki moja, tunaliandika humo. Mengi yanahusu mwili uliofura, unaouma na kuchoma, na nini cha kuutuliza. Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Wete, kazi yangu iko hatua chache kutoka Darajani. Si daktari wako, na ukurasa huu hauwezi kukupapasa goti.

Dawa ya kuzuia uvimbe ni ipi hasa? Panadoli imo?

Panadoli haimo. Hushusha homa na kupunguza maumivu, lakini goti lililofura litabaki limefura. Zilizomo ni aspirini, ibuprofeni (ambayo wengi huiita brufeni hata pakiti ikiwa na jina jingine), diklofenaki, naproksini, meloksikamu na ndugu zao. Lipo pia kundi la steroidi, kama predinisoloni na deksamethasoni. Na zipo zile mpya za sindano ambazo nitazifikia huko chini.

Neno lenyewe "uvimbe" hutuchanganya, maana hata nyama iliyoota tumboni tunaiita uvimbe. Humu nakusudia ule wa moto: pamekuwa pekundu, pana joto, pamefura, panauma. Mrumi aitwaye Celsus aliziandika dalili hizo nne karibu miaka 2,000 iliyopita na mpaka leo ndizo tunazofundishwa. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, mara nyingi pahala panang'aa tu kama pamepakwa mafuta. Mimi huamini zaidi joto.

Zinafanya nini mwilini?

Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazoita joto, maji na maumivu mahali palipoumia. Aspirini iliuzwa tangu 1899 bila mtu kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Tabu ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kusaidia figo zipate damu ya kutosha. Ukifunga koki kuu ya nyumba kwa sababu bomba la jikoni linavuja, chooni nako kutakosa maji. Karibu kila habari mpya utakayoisoma kuhusu dawa hizi ni juhudi ya kuifikia koki ya jikoni peke yake.

Kwa ndugu zangu wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani: tangu 1962 maabara nyingi hupima dawa mpya za uvimbe kwa kuchoma unyayo wa panya sindano ya karajinani, kisha kuangalia kama dawa itauzuia usifure. Karajinani hutoka kwenye mwani. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya mwani wetu ununuliwe tangu kilimo chake kilipoanza hapa mwaka 1989. Kuila kwenye maziwa ya mgando si sawa na kudungwa nayo unyayoni, kwa hivyo msije kunipigia simu kwa hofu.

Sindano si ndiyo kali kuliko kidonge?

Hili ndilo swali namba moja, na jibu langu huwaudhi watu.

Mzee mmoja mvuvi wa Mkokotoni alikuja na bega lililokataa kunyanyuka. Alipanda gari ya alfajiri, na katika kikapu chake cha ukili mlikuwa na karatasi tatu za vidonge, kila moja alipewa mahali tofauti. "Mwanangu," akasema hata kabla sijamaliza kumwamkia, "nipe ile ya kuchoma. Hivi ni vya watoto."

Nikazipanga karatasi zake juu ya kioo. Ya kwanza vidonge vya manjano, ya pili vya waridi, ya tatu vya rangi ya matofali. Zote tatu diklofenaki. Alikuwa akizimeza zote kwa siku moja kwa kuwa rangi zake hazifanani, na hesabu yake ilikuwa imevuka miligramu 150 ambazo mtu mzima hatakiwi kuzipita kwa siku. Mshipa wa bega ulikuwa bado unauma, na sasa tumbo nalo lilikuwa limeanza kuchoma.

Kilichotofautisha vidonge vile ni koti na chumvi. Diklofenaki ya sodiamu huvishwa koti lisiloyeyuka kwenye asidi ya tumbo, ifunguke ikifika utumbo mwembamba, kwa hiyo huchelewa, pengine saa mbili. Ya potasiamu haina koti la namna hiyo, huingia upesi na kutoka upesi. Ya tatu ilikuwa ya kujiachia pole pole kwa siku nzima. Ndiyo maana nasema usikivunje wala kukitafuna kidonge chenye koti, maana utakuwa umevunja kazi yote ya aliyekitengeneza.

Sindano ya tako ni diklofenaki hii hii. Huwahi, ndani ya kama dakika 20 imeshajaa kwenye damu, na ndiyo maana hospitali huitumia mtu anapogaagaa kwa jiwe la figo. Lakini wengi huniambia wanachoma ili kuliepusha tumbo, na hapo ndipo penye kosa. Dawa haichubui tumbo kwa kuligusa tu. Huliumiza kupitia damu, kwa kuzizuia prostaglandini zile zinazolilinda. Ichome takoni, itie dripu, tumboni itafika. Na ikichomwa vibaya inaweza kuugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, mtu akabaki anaburura unyayo. Maelekezo ya dawa yenyewe yanasema sindano isizidi siku mbili.

Mzee hakuridhika. Aliondoka na karatasi moja, na nyingine mbili akaniachia kwa shingo upande.

Basi nipake jeli tu?

Ikiwa kinachouma kiko karibu na ngozi, yaani goti, kifundo cha mguu, kiwiko au vidole, jibu langu ni ndiyo, na naona tunaidharau bure. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ikipakwa goti moja kwa kipimo chake kamili, kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 6 ya kile ambacho kidonge kingekipeleka. Dawa inabaki pale inapotakiwa, na tumbo na figo vinapata mabaki. Kwa kiuno na nyonga usijisumbue, nyama ni nene, haitafika.

Watu wengi husema "nilipaka haikufanya kitu" kwa sababu ya kipimo. Mama yangu alikuwa akijipaka tone kama punje ya kunde, analisugua mpaka likauke, kisha anailaumu dawa. Goti moja linahitaji gramu 4 kila mara, yaani uzi wa jeli wenye urefu wa kama sentimita 11, mara nne kwa siku. Nilipomkamulia urefu huo juu ya rula alinitazama kama nimemwaga samli. Wiki ya pili alishuka ngazi za nyumba bila kushika ukuta.

Mafuta ya kuchua yenye mentholi ni kitu kingine. Yanapoza na kuwasha ngozi hata ukasahau maumivu ya ndani. Hayana ubaya, ila usiyahesabu kuwa dawa ya uvimbe. Na ukipaka jeli usimeze vidonge vya diklofenaki juu yake.

Nimesikia kuna vidonge visivyoumiza tumbo kabisa.

Vinaumiza kidogo, si kwamba haviumizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iligundulika kwamba kile kimeng'enya ambacho aspirini hukizuia, yaani kichocheo cha mwilini kinachotengeneza prostaglandini, kiko cha aina mbili. Kimoja, COX-1, hufanya kazi za kila siku za kulinda tumbo, na cha pili, COX-2, huamka zaidi pakiwa na uvimbe. Zikatengenezwa dawa za kukilenga hicho cha pili tu. Selekoksibu iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1998, rofekoksibu ikafuata 1999 kwa jina la Vioxx.

Tumbo likapona, moyo ukaumia. Tarehe 30 Septemba 2004 Vioxx iliondolewa sokoni dunia nzima kwa kuwa ilizidisha shambulio la moyo na kiharusi. Selekoksibu ilibaki, na utafiti mkubwa uliotolewa 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 24,000, ulionyesha kwamba kwa kipimo cha wastani haiuhatarishi moyo kuliko ibuprofeni au naproksini. Mwenye historia ya kiharusi au moyo asijinunulie yoyote kati ya hizi, na hiyo ni pamoja na diklofenaki, ambayo kwa moyo si mpole kuliko hizo "kali". Mwenye presha pia ajue kwamba dawa hizi huipandisha na kuzivuruga baadhi ya dawa zake.

Nimefunga. Nizinywe vipi?

Kwetu mwezi wa Ramadhani saumu ni kama saa 13 na kitu, mwaka mzima haibadiliki sana kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwa hiyo hesabu si ngumu. Omba dawa ya kumezwa mara moja au mbili kwa siku, kama meloksikamu au naproksini, badala ya ibuprofeni ya kila saa nane. Imeze baada ya kula futari. Usiimeze kwa tende mbili na maji ukaenda kusali, subiri tumbo lipate uji na muhogo kwanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya tumbo ni figo. Mtu amefunga, amefanya kazi juani, hana maji mwilini, hapo figo zinazitegemea prostaglandini hasa ili zipate damu. Ukizizuia saa hiyo unaziacha kavu. Kunywa maji kati ya futari na daku, na mzee mwenye sukari au figo dhaifu asiguse dawa hizi bila kumwona daktari. Kuhusu jeli na sindano kama zinafunguza, hilo mpelekee sheikh wako. Mimi nitakueleza kiasi gani kinafika kwenye damu, yeye atakwambia hukumu yake.

Bibi alitutibu kwa manjano. Kwani si ndiyo hiyo hiyo dawa ya asili?

Nalipenda swali hili, na huko ng'ambo linalipiwa pesa nyingi. Ndani ya manjano kuna kitu kiitwacho kukumini, na kwenye bakuli la maabara kinazima njia nyingi za uvimbe kwa mpigo mmoja. Ingekuwa mwili ni bakuli la maabara, tungekuwa matajiri kule kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani.

Mwili haukitaki. Hakiyeyuki kwenye maji, utumbo unakipokea kwa shida, na kile kidogo kinachopita ini linakivunja hapo hapo. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu wachache waliojitolea gramu 2 za kukumini. Kwenye damu yao haikuonekana takriban chochote. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, kiasi kilichoingia kilipanda kama mara 20. Nikisoma habari ile huwa nakumbuka uji wa pilipili manga wa futari, na jinsi mchuzi wetu unavyopikwa kwa manjano, pilipili manga na tui lenye mafuta kwenye chungu kimoja. Walioanza kupika hivyo hawakuwa wakiwaza damu, walikuwa wakitafuta ladha.

Lakini fanya hesabu kabla ya kufurahi. Unga wa manjano una kukumini kama asilimia 3. Gramu 2 za kukumini ni zaidi ya gramu 60 za unga, nawe kwenye chungu cha familia unatia kijiko kimoja. Ndiyo maana kampuni sasa huifunga kukumini ndani ya matone madogo mno ya mafuta, au huichanganya na piperini kwenye vidonge. Na hapo limezuka jipya: Marekani na Italia zimeripoti watu walioumia ini kwa vidonge hivyo vya nguvu. Ukikilazimisha mwilini kitu ambacho mwili ulikuwa unakizuia mlangoni, kinaingia na madhara yake. Piperini hiyo hiyo huweza pia kuzidisha dawa nyingine unazomeza.

Jikoni endelea bila hofu. Vidonge vya manjano vya kuagiza, niulize kwanza, hasa kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Na mafuta ya karafuu?

Kwa jino, ndiyo. Eujenoli iliyomo inatia ganzi, na madaktari wa meno wanaitumia miaka mingi kwenye vijazio. Tone moja kwenye pamba, uende ukatibiwe jino. Kuyanywa kwa ajili ya baridi yabisi, hapana. Mtoto mdogo akiyanywa ini linaweza kuharibika, na nyumba nyingi za Pemba chupa iko rafu ya chini.

Nina mimba. Nimeze nini?

Paracetamoli, na ukishindwa njoo kliniki. Kuanzia wiki ya 20 dawa za kundi la ibuprofeni na diklofenaki huweza kupunguza maji ya uzazi, na baada ya wiki 30 huweza kufunga mapema mshipa unaohitajika kwenye moyo wa mtoto. Aspirini ya kipimo kidogo anayoiandika daktari kuzuia kifafa cha mimba ni jambo jingine, usiiache.

Nina homa na viungo vinauma sana. Diklofenaki?

Usiimeze mpaka umepimwa. Inaweza kuwa dengi, kama ilivyolipuka Dar es Salaam mwaka 2019, na kwenye dengi dawa hizi huzidisha hatari ya kutoka damu. Panadoli na maji mengi. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa kabisa.

Mbona steroidi mnazitisha, na wakati wa korona zilisifiwa?

Yote mawili ni kweli. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimchoma kotisoni mwanamke aliyekuwa hawezi kuinuka kwa baridi yabisi, na siku chache baadaye akatembea. Miaka miwili tu baadaye ikaja Nobel. Furaha hiyo haikudumu, kwani wagonjwa walianza kufura uso, mifupa ikalainika, sukari ikapanda.

Deksamethasoni nayo ni dawa kongwe na rahisi. Juni 2020 utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kwa karibu theluthi moja. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu. Ilikuwa dawa ile ile, tofauti ilikuwa ni nani na lini. Ukiwa nyumbani na mafua usiitafute.

Ukiwa umemeza predinisoloni kwa wiki kadhaa usiache ghafla. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake, na unaweza kuanguka.

Na kina dada wa mkorogo, nawasemesha kwa upendo. Ile krimu inayoandikwa klobetasoli ni steroidi kali ya kutibu ukurutu na soriasisi, kwa eneo dogo, kwa wiki chache. Ukiipaka uso mzima miezi sita ngozi inakuwa kama karatasi ya vitumbua iliyolowa mafuta, mishipa inaonekana, na ukiacha inawaka. Wiki haipiti bila ya mtu kuniuliza kama ninayo "ile ya bwana harusi asinikatae". Ninayo, na kwa kazi hiyo sikuuzii.

Mtoto ana pumu. Kwa nini mnatwambia inhela na siyo vidonge?

Pumu ni uvimbe wa njia za hewa, na hapa suala la kuifikisha dawa mahali pake lilitatuliwa zamani kuliko kwingine kote. Steroidi kidogo sana ya kuvuta, kama budesonaidi au beklometasoni, inatua kwenye mapafu yenyewe. Inayomezwa ingebidi izunguke mwili mzima ndipo kiasi kidogo kifike huko. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kupendekeza mtu mzima atumie salbutamoli peke yake. Ile ya buluu inafungua njia kwa saa chache, uvimbe unabaki chini yake ukiendelea.

Tabu ya watoto ni kuvuta. Ukipuliza moja kwa moja kinywani, dawa nyingi inabaki kooni. Kinachotakiwa ni chombo cha kuizuia hewani kidogo, yaani spesa, na spesa ya dukani si kila mtu anaiweza. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha jambo zuri: chupa ya plastiki ya nusu lita, ya soda au maji, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni kwa gundi, iliwasaidia watoto walioshikwa na pumu sawa na spesa ya dukani. Mama mmoja wa Makunduchi nilimtengenezea mbele ya kaunta kwa waya uliopashwa moto. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, maana kitambaa kinaipa plastiki umeme unaoinasa dawa ukutani. Inhela kwenye tundu, mdomo wa mtoto kwenye mdomo wa chupa, puliza mara moja, apumue taratibu mara tano au sita. Kisha kama ni steroidi, asukutue.

Hizo sindano za kibayolojia ni nini, na zipo hapa?

Ni protini, nyingi zikiwa kingamwili, zinazotengenezwa na chembe hai viwandani, kila moja imelengwa kwa ujumbe mmoja tu wa uvimbe. Ya kwanza kuleta mabadiliko ni zile zinazoukamata ujumbe uitwao TNF, kazi iliyofunguliwa na Ravinder Maini na Marc Feldmann huko London. Infliksimabu na etanasepti zilitoka 1998, adalimumabu mwishoni mwa 2002. Watu waliokuwa na vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi ya kinga ya mwili walirudi kazini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Bei ndiyo ukuta. Kinachoupunguza ukuta huo ni nakala zake zinazotengenezwa na kampuni nyingine baada ya hakimiliki kwisha. Ulaya ilianza na ya infliksimabu mwaka 2013. Mtu wa kawaida hapa bado ataandikiwa methotreksati, ambayo ni vidonge vya mara MOJA KWA WIKI, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, kwa sababu akimeza kila siku inaweza kumuua. Msione haya, duniani kote matibabu huanza na hiyo.

Mambo mawili kuhusu sindano hizi yanatuhusu kuliko watu wa London. Kwanza, TNF ndiyo inayokifungia kifua kikuu kilicholala mapafuni. Ukiizima, kinaamka. Lazima upimwe kabla. Pili, baridi. Dawa hizi hukaa nyuzi 2 hadi 8. Adalimumabu inaruhusiwa kukaa nje ya friji siku 14, lakini kwa sharti joto lisizidi nyuzi 25, na hapa Machi hata kivulini hatuzioni nyuzi 25. Waliokuwepo wanakumbuka waya wa chini ya bahari ulipoharibika Desemba 2009 Unguja ikakaa gizani miezi mitatu. Ukinunua sindano ya namna hii Dar, panda boti na kibaridi chenye barafu, lakini isiguse barafu moja kwa moja. Ikiganda imeharibika kama iliyochemka, na kwa macho hutaona tofauti.

Hakuna kidonge cha kufanya kazi hiyo?

Kipo. Tofasitinibu iliidhinishwa Marekani 2012, inazuia vimeng'enya viitwavyo JAK ndani ya chembe, na friji haihitaji. Mwaka 2021 ikawekewa onyo zito la moyo, kuganda damu na saratani. Kwa hiyo si ya kuanzia.

Hizo "nano" zinazosemwa ni kweli au maneno?

Sehemu ni kweli. Mahali palipofura mishipa midogo ya damu huwa inavuja, na watafiti wanautumia uvujaji huo. Dawa inafungwa ndani ya kifuko kidogo mno cha mafuta, kinasafiri kwenye damu, kinapenya pale palipolegea. Kwa uvimbe wa viungo mengi ya hayo bado yako kwa panya.

Lililokwisha kufika kwa wagonjwa ni la vijiduara. Tangu 2017 Marekani ina sindano ya goti ambayo steroidi yake, triamsinoloni, imefungwa kwenye vijiduara vya plastiki ya jamii moja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka. Vinaachia dawa pole pole kwa wiki 12 hivi, na sukari ya mgonjwa haipandi ghafla kama kwa sindano ya kawaida. Mwaka 2025 huko huko kiliidhinishwa kifaa kinachopandikizwa shingoni, kinautikisa mshipa wa fahamu wa vagasi kwa umeme dakika moja kwa siku, kwa wagonjwa wa baridi yabisi walioshindwa na dawa. Hakina dawa hata tone.

Nina jongo na nimepewa kolkisini. Kweli inatibu moyo pia?

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha miligramu 0.5 kwa siku kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, kwa kuwa mafuta kwenye mishipa nayo yana uvimbe ndani yake. Mwaka uliofuata utafiti mwingine mkubwa, kwa watu waliotoka tu kupata shambulio la moyo, haukuona faida. Bado wanavutana. Wewe imeze kwa jongo kama ulivyoandikiwa, usizidishe hata kidonge kimoja, maana kati ya kipimo na sumu hapana nafasi kubwa.

Mguu umefura miaka, hauumi. Diklofenaki itausaidia?

Hapana. Hiyo pengine ni matende, ambayo chanzo chake ni minyoo inayoletwa na mbu. Zanzibar ilianza 2001 kugawa ivermektini na albendazoli kwa umma kuvizuia vimelea hivyo. Mguu wenyewe unahitaji kuoshwa kwa sabuni kila siku, kukaushwa katikati ya vidole, kuinuliwa, na kufanyishwa mazoezi.

Naweza kukutumia picha ya mguu kwa WhatsApp?

Tuma, lakini picha haina joto. Kabla ya kuituma weka mgongo wa mkono wako juu ya mguu uliofura, kisha juu ya ule mwingine, uniandikie kama kuna tofauti. Bonyeza kwa kidole uhesabu mpaka tano, uniambie kama shimo limebaki. Na usisubiri jibu langu ikiwa ni mguu mmoja tu uliofura na msuli wa nyuma unauma, au goti limefura nawe una homa, au midomo na ulimi vimefura baada ya kumeza dawa yoyote. Hao watatu wachukue gari sasa hivi: walioko Unguja waende Mnazi Mmoja, walioko Pemba hospitali iliyo karibu, Chake, Wete, Mkoani au Micheweni.